Upungufu wa G6PD, MH, porfiria: tunaziingiza wapi kwenye mfumo ili onyo litoke kweli?

Mtunza_Faili

Habari wakuu. Swali hili ni kwa wafamasia, wataalamu wa usingizi, watu wa maabara na waandishi wa programu wanaoshughulika na mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa.

Mfumo una sehemu tatu ambapo jambo la hatari linaweza kuandikwa: orodha ya mizio, orodha ya magonjwa, na kibandiko chekundu kinachojitokeza juu ya faili kila linapofunguliwa. Mzio wa penisilini hauna utata. Unaingia kwenye mizio, na daktari akiandika amoksilini onyo linatoka. Utata uko kwenye hali ambazo si mzio ila dawa fulani zinaweza kumwangusha mgonjwa: upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu zisipasuke), MH (ile homa kali na misuli kukakamaa inayoletwa na dawa za usingizi), upungufu wa kimeng'enya kinachovunja suksametoniamu (dawa ya kulegeza misuli), porfiria (hitilafu ya mwili katika kutengeneza heme ya damu), miasthenia gravis (udhaifu wa misuli).

Ukipekua mafaili unakuta upungufu wa G6PD umeandikwa kwa namna nne. Wapo walioandika "G6PD" kwa maneno matupu kwenye kisanduku cha mizio. Wapo walioingiza dawa mojamoja kana kwamba kila moja ni mzio: primakwini, dapsoni, nitrofurantoini, hadi mistari minane. Wengine wameiweka kwenye magonjwa, wengine kwenye kibandiko tu. Dapsoni ikiagizwa, namna ya pili peke yake ndiyo inayotoa onyo.

Naomba kujua: mahali sahihi ni wapi, orodha ya dawa ikae wapi, na mnafanyaje ili maonyo yasizidi hadi watu wakawa wanayafunga bila kuyasoma?

---

Kanuni_na_Dawa

Mkuu, mfumo wako haujaharibika, unafanya kile ulichotengenezewa. Ukaguzi wa mizio kazi yake ni moja: kuchukua kiambato kilichomo kwenye agizo na kukilinganisha na viambato vilivyoandikwa kwenye orodha ya mizio, pamoja na ndugu zake wa kundi moja. "G6PD" si kiambato cha dawa yoyote, kwa hiyo hakuna kitakacholingana nayo hata ukiiandika kwa herufi kubwa na rangi nyekundu.

Kuingiza dawa mojamoja kunatoa onyo leo, lakini kuna ubaya wa aina tatu.

Kwanza, orodha inaganda siku ilipoandikwa. Tafenokwini, dawa ya malaria, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Mgonjwa aliyeingiziwa mistari yake minane mwaka 2016 hana mstari wa tafenokwini, na hakuna atakayerudi kwenye kila faili kuuongeza.

Pili, sababu inapotea. Anayesoma "mzio wa dapsoni" baada ya miaka mitano anafikiria vipele au mzio wa salfa, hafikirii chembe nyekundu za damu kupasuka. Akiona mgonjwa hakuwahi kutumia dapsoni kabisa, anaufuta mstari akidhani umekosewa. Kinga inaondoka kimyakimya.

Tatu, kisanduku cha "mgonjwa alipata nini" kinalazimisha jibu, na aliyeko zamu anajaza chochote ili aendelee. Takwimu za mizio zinachafuka kwa matukio ambayo hayajawahi kutokea.

Mpangilio unaofaa ni huu: hali ya mgonjwa iingie kwenye orodha ya magonjwa kwa msimbo, si kwa maneno. Orodha ya dawa isikae kwenye faili la mgonjwa hata kidogo, ikae kwenye jedwali moja la mfumo mzima. Kanuni ndiyo inayoviunganisha agizo linapoandikwa. Dawa mpya ikitoka unaongeza mstari mmoja kwenye jedwali na wagonjwa wote wenye hali hiyo wanalindwa dakika hiyohiyo. Kibandiko chekundu kisiandikwe na mtu. Kizalishwe na mfumo kutokana na ugonjwa uliosajiliwa, la sivyo utakuwa na kibandiko kinachosema hili na orodha inayosema lile.

Kama mnatumia FHIR (kiwango cha kubadilishana taarifa za wagonjwa kati ya mifumo), hii ni Condition kwa hali yenyewe na Flag kwa kibandiko. AllergyIntolerance ibaki kwa tukio halisi: mgonjwa wa G6PD ambaye damu yake ilipasuka kweli baada ya kumeza dapsoni anastahili kuwa na vyote viwili, ugonjwa na tukio, na tukio liwekwe aina ya kutovumilia dawa, si mzio.

Kuhusu jedwali, safu ninazoziona za lazima ni: msimbo wa hali, msimbo wa dawa, njia ya kuitoa, ukomo wa dozi na siku, ngazi ya onyo, maneno ya onyo, jina la cheo kinachohusika na tarehe ya mapitio. Mbili za mwisho ndizo watu wanaziacha, kisha jedwali linazeeka bila mwenyewe.

Halafu misimbo. Hapa ndipo makosa yanajificha.

Kwa dawa, wengi hutumia ATC (orodha ya kimataifa ya misimbo ya dawa), lakini ATC inagawa dawa kwa matumizi yake, kwa hiyo dawa moja inaweza kuwa na misimbo mingi. Dapsoni ya kumeza ni J04BA02, ya kupaka ni D10AX05. Magnesiamu salfeti inaonekana A06AD04, A12CC02, B05XA05, D11AX05 na V04CC02. Ukiandika kanuni ya miasthenia ukaweka mmoja tu, sindano iliyosajiliwa stoo kwa msimbo mwingine itapita. Na usisahau matone ya macho: timolol ya macho ni S01ED01, haimo kwenye kundi C07 la dawa za moyo za aina hiyohiyo, lakini inaingia mwilini na inaweza kumzidishia udhaifu mgonjwa wa miasthenia. Ni salama zaidi kulinganisha kwa kiambato pamoja na njia ya kutoa, ATC ikabaki msaada.

Kwa hali, usiandike kanuni kwa kichwa cha msimbo. Mfano mzuri ni porfiria. Kwenye ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) porfiria za ghafla ziko E80.2. Ukifanya uvivu ukaandika "chochote kinachoanza na E80", umewavuta wenye porfiria ya ngozi ya E80.1, ambao orodha yao ya dawa si ile, na umewavuta wenye ugonjwa wa Gilbert, E80.4, ambao ni wengi sana na hawahusiki hata kidogo. Wiki ya kwanza tu utakuwa umeshawazoesha madaktari kwamba onyo la porfiria ni kelele.

Kosa linalofanana na hilo ni kutumia msimbo wa tukio kwa mtu ambaye hajapata tukio. D55.0 ni upungufu wa damu unaotokana na upungufu wa G6PD. Mwenye upungufu wa kimeng'enya ambaye damu yake iko sawa hana ugonjwa huo. Toleo la Marekani lilitenga D75.A kwa ajili yake kuanzia Oktoba 2019. Toleo lenu likiwa halina msimbo kama huo, tengenezeni wa ndani unaosema wazi "upungufu wa G6PD, hakuna upungufu wa damu", kisha muufunge kwenye kanuni ileile.

---

Chembe_Nyekundu

Nakubaliana na aliyetangulia. Nitaongeza upande wa maabara, kwa sababu onyo haliwezi kuwa sahihi kuliko kipimo kilicholizaa.

Usisajili "ana" au "hana" peke yake. Sajili njia ya kipimo, thamani yake katika U/g Hb (uniti za kimeng'enya kwa gramu ya hemoglobini) au asilimia ya kawaida, na tarehe. Kipimo cha doa la mwanga na vile vya haraka vya ndiyo/hapana vinamnasa mtu aliye chini ya takriban asilimia 30. Mwanamke aliyerithi jeni hilo kwa mzazi mmoja anaweza kuwa kati ya 30 na 70. Kipimo cha haraka kitamwita wa kawaida. Kwa dawa nyingi anaweza kuvumilia. Kwa tafenokwini hapana, kwa sababu inahitaji kipimo cha namba chenye zaidi ya asilimia 70, na sababu yake inaeleweka: ni dozi moja ya miligramu 300 ambayo nusu yake bado imo mwilini baada ya karibu siku 15. Ikishamezwa huwezi kuirudisha. Primakwini ya kila siku unaweza kuisimamisha siku ya tatu mkojo ukiwa mweusi.

Kwa hiyo "kawaida" ya kipimo cha haraka isizime onyo la tafenokwini. Hili ni kosa nililolikuta kwenye kanuni zaidi ya moja: zinasoma neno la jibu, hazisomi njia.

Pili, majibu ya uongo. Damu ikipasuka, chembe kongwe zenye kimeng'enya kidogo ndizo zinazotangulia kufa. Zinazobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, na kipimo kinatoka kizuri. Vilevile mgonjwa aliyeongezewa damu anapimwa damu ya mchangiaji. Jibu la kawaida lililochukuliwa wakati huo lisiruhusiwe kukanusha ugonjwa uliosajiliwa. Mfumo uangalie kama kuna kuongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, au hesabu ya chembe changa iliyopanda, na uandike "rudia kipimo" badala ya "kawaida".

Tatu, na kwangu hili ni kubwa: hali ziko tatu, si mbili. Kuna aliyepimwa ana upungufu, aliyepimwa hana, na asiyepimwa. Ukimya wa faili unawachanganya wawili wa mwisho. Kwa rasburikesi (dawa ya kushusha asidi ya yuriki kwa wagonjwa wa saratani) na tafenokwini kanuni iulize jibu la kipimo, na likikosekana ndilo liwe onyo: "hakuna kipimo cha G6PD kwenye faili". Ndiyo maana jibu zuri nalo linastahili kuhifadhiwa mahali kanuni inaweza kulisoma, si kwenye karatasi iliyopigwa picha na kubandikwa.

Sasa primakwini, kwa sababu ndiyo inayoharibu kanuni nyingi. Kwa mtu wa kilo 60 kuna maagizo matatu tofauti:

Miligramu 15 mara moja tu. Hiyo ni miligramu 0.25 kwa kilo, dozi ndogo ya kuzuia maambukizi ya malaria ya falsiparamu. Shirika la Afya Duniani tangu 2012 limesema haihitaji kipimo cha G6PD. Onyo lisitoke.

Miligramu 15 kila siku kwa siku 14. Ni tiba ya malaria ya vaivaksi. Hapa onyo lisimamishe agizo kwa mwenye upungufu, na liulize kipimo kwa asiyepimwa.

Miligramu 45 mara moja kwa wiki, wiki 8. Ni miligramu 0.75 kwa kilo, na ni njia inayoweza kufikiriwa kwa huyohuyo mwenye upungufu, chini ya uangalizi wa karibu. Onyo litoke lakini lisizuie. Likumbushe kupima damu.

Kanuni inayosoma jina "primakwini" tu itakosea mara mbili kati ya tatu. Lazima isome dozi, mara ngapi, na kwa muda gani.

Jambo dogo la mwisho. Mama anayenyonyesha akiandikiwa primakwini au tafenokwini, anayepaswa kukaguliwa ni mama na mtoto, kwa hiyo mfumo uwe na kiungo kati ya faili hizo mbili. Kama kiungo hakipo, swali la kujazwa kwa mkono linatosha.

---

Usingizi_Baridi

Wakuu mmezungumza vizuri juu ya maagizo ya dawa, lakini chumba cha upasuaji hakiagizi dawa kwa njia hiyo. Sevoflureni, gesi ya usingizi, haiandikwi na daktari, haipiti kwa mfamasia, haihakikiwi. Iko ndani ya mashine, mtu anazungusha kitasa. Suksametoniamu iko kwenye trei, imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla mgonjwa hajaingia. Kwenye kumbukumbu ya usingizi dawa zinaandikwa baada ya kutolewa. Kanuni yenu nzuri ya MH iliyofungwa kwenye agizo la dawa haitaamka hata siku moja pale inapohitajika.

Kwa MH onyo lifungwe kwenye tukio la kupanga upasuaji. Siku jina linapoingia kwenye ratiba, mfumo usome orodha ya magonjwa, utume taarifa kwa mtaalamu wa usingizi wa siku hiyo, na uandike kwenye ratiba yenyewe karibu na jina. Si asubuhi ya upasuaji. Mashine ya usingizi inahitaji kuandaliwa: kuondoa vyombo vya mvuke, kubadilisha mabomba na chokaa inayonyonya hewa chafu, kupitisha oksijeni kwa wingi, lita 10 kwa dakika au zaidi, kwa muda ambao kwa baadhi ya mashine unazidi saa moja. Vichujio vya mkaa vinafupisha hadi dakika chache, kama vipo. Mgonjwa huyo anapangwa wa kwanza siku hiyo. Onyo linalotoka akiwa amelala mezani limechelewa kwa yote hayo.

Maneno ya onyo nayo yana kazi. "Mgonjwa ana MH, kuwa mwangalifu" ni bure, kila mtu mwangalifu. Liandikwe hivi: "Usitumie halothani, isoflureni, sevoflureni, desflureni wala suksametoniamu. Propofoli, ketamini, naitrasi oksaidi, dawa za ganzi na za kulegeza misuli zisizo suksametoniamu zinaruhusiwa. Hakikisha dantroleni ipo." Kwa aliye kwenye haraka, anachoruhusiwa kukitumia kina thamani kuliko anachokatazwa. Na dozi ya dantroleni, dawa ya kutibu MH, iwe hapohapo: 2.5 mg kwa kilo kuanzia. Kwa kilo 60 ni miligramu 150, yaani chupa nane za miligramu 20, kila moja ikichanganywa na mililita 60 za maji safi ya sindano. Watu wanasahau kwamba maji tu ni karibu nusu lita na kuyachanganya kunahitaji mikono ya ziada.

Kwa misimbo: N01AB inazishika gesi zote za hatari zilizotajwa hapo juu. Naitrasi oksaidi ni N01AX13, iko nje, na iendelee kuwa nje. Suksametoniamu ni M03AB01.

Tahadhari mbili zaidi. Usiunganishe hali zinazofanana kijuujuu chini ya kibandiko kimoja cha "shida ya usingizi". Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha plazima, kile kinachovunja suksametoniamu, anakatazwa suksametoniamu na mivakuriamu kwa sababu atabaki amelegea kwa saa kadhaa. Sevoflureni haina neno kwake. Mgonjwa wa Duchenne (ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli) anakatazwa suksametoniamu kwa sababu ya potasiamu kupanda ghafla, na gesi huepukwa pia, ila ugonjwa wake si MH. Sababu tofauti, orodha tofauti, vibandiko tofauti.

Na ndugu wa mgonjwa. MH inarithiwa kwa namna ambayo mtoto wa mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu. Huyo ambaye hajapimwa asajiliwe kama "anadhaniwa, ndugu wa damu", na kanuni imlinde sawasawa na aliyethibitishwa. T88.3 usimpe, huo ni msimbo wa tukio lililotokea. Usingizi uliopita salama hauondoi hatari, wapo waliopata MH baada ya kulala mara kadhaa bila tatizo; mfumo usikubali sababu hiyo kuwa ya kufuta kibandiko.

Methilini bluu pia iko kwenye kundi hili la dawa zisizoagizwa. Inatumika kama rangi kwenye upasuaji, na kwa mwenye upungufu mkubwa wa G6PD inaweza kupasua damu. Iingizwe kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, si kwenye duka la dawa tu.

---

msimbo_mmoja

Upande wa programu. Nitataja yanayoharibika.

La kwanza ni neno "amepona". Orodha ya magonjwa imetengenezwa kwa nimonia na kuvunjika mkono, kwa hiyo mgonjwa akiruhusiwa mtu anapitia orodha na kufunga kila kitu. Kanuni nyingi zinauliza magonjwa yaliyo hai tu. Upungufu wa G6PD ukifungwa, onyo linanyamaza na hakuna kosa linaloandikwa popote. Kwa kundi hili la misimbo ondoa kabisa kitufe cha "amepona" na "si hai". Njia za kuondoka ziwe mbili: limekanushwa kwa kipimo, au liliingizwa kwa makosa. Zote zidai sababu na jina la aliyefanya.

La pili ni kuunganisha mafaili. Mtoto mchanga anapewa faili la muda, anapimwa, kisha faili linaunganishwa na la kudumu. Programu nyingi katika kuunganisha zinachukua orodha ya faili linalobaki na kuitupa ya lile linalofungwa. Kwa mizio na hali hizi, chukua zote mbili. Marudio ni usumbufu, kupotea kwa taarifa ni hatari. Jaribu hili kwa mikono kabla ya kumwamini aliyekuuzia mfumo.

La tatu ni ukaguzi kushindwa. Ukitumia CDS Hooks (kiwango cha mfumo kuomba ushauri kwa huduma ya nje), huduma inatarajiwa kujibu ndani ya takriban milisekunde 500. Seva ikichelewa, mfumo unaendelea bila onyo, na daktari anaona kile anachokiona siku zote pasipo hatari: hakuna kitu. Weka mstari mdogo wa kijivu, "ukaguzi wa dawa na magonjwa haukufanyika". Usizuie agizo, ila usidanganye kwa ukimya. Nashauri kanuni za hatari ya kufa zikae ndani ya mfumo wenyewe, na za ushauri ndizo zitegemee seva ya nje.

Kuhusu order-select na order-sign: ya kwanza inaita huduma daktari anapochagua dawa, ya pili anapotia saini. Onyo la kusimamisha liwe kwenye kuchagua, kabla hajajaza dozi na siku. Akishajaza vyote anakuwa amejifunga na uamuzi, atatafuta namna ya kupita. Isipokuwa kwa primakwini iliyoelezwa hapo juu, ambayo haiwezi kukaguliwa bila dozi. Hiyo lazima isubiri saini.

Maonyo kuzidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta madaktari wakiyapuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya dawa, kwa hiyo usidhani wako watakuwa tofauti kwa wema tu. Ngazi tatu zinatosha: kusimamisha, kuonya, kutaarifu pembeni bila kufungua kidirisha. Kusimamisha kuwe kwa jozi chache mno. Rasburikesi kwa upungufu wa G6PD. Abakaviri, dawa ya VVU, kwa mwenye aina ya jeni HLA-B*57:01. Suksametoniamu kwa MH. Ukifikisha jozi hamsini za kusimamisha, umerudi kwenye kelele.

Punguza pia orodha zenyewe. Orodha za zamani za G6PD zinazozunguka zina paracetamol, aspirini ya dozi ya kawaida, klorokwini na kotrimoksazoli. Mwongozo wa 2022 wa CPIC (jopo la kimataifa la jeni na dawa) umeziweka kwenye hatari ndogo au isiyokuwepo. Ukiziacha, mgonjwa mmoja anatoa maonyo kila siku ya kulazwa kwa ajili ya paracetamol, na siku ya rasburikesi kidole kinabonyeza chenyewe.

Kabla ya kuwasha, endesha kanuni kimya kwa wiki mbili hadi nne: inaandika kwenye kumbukumbu kila mara ambapo ingetoa onyo, bila kumwonyesha mtu. Mfamasia apitie yote, au 50 za kwanza kama ni mengi, na kuuliza kwa kila moja: je, agizo lingepaswa kubadilika? Kama chini ya nusu jibu ni ndiyo, rekebisha. Ukishawasha, toa sababu za kupita zisizozidi nne na zenye misimbo, si kisanduku cha kuandika, maana kwenye kisanduku utapata nukta na herufi x. Mojawapo iwe "hali hii si kweli kwa mgonjwa huyu", na ikichaguliwa ifungue kazi ya kurekebisha faili. Vinginevyo onyo la uongo litarudi kesho kwa daktari mwingine.

---

Mtunza_Faili

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Swali la nyongeza: mfumo uliopo hauna injini ya kanuni za dawa na ugonjwa. Ukaguzi wa mizio tu ndio unaofanya kazi, na maboresho hayatakuja karibuni. Kwa muda huu bora kurudi kwenye mistari ya mizio?

---

Kanuni_na_Dawa

Kwa shingo upande, ndiyo, lakini kwa nidhamu. Ingiza dawa zile tu za ngazi ya kusimamisha, nne au tano. Kwenye kila mstari chagua aina ya kutovumilia, weka uzito wa juu, na kwenye maelezo andika neno moja lisilobadilika, kwa mfano HALI-G6PD. Kwenye kisanduku cha mgonjwa alipata nini andika "hajapata, ni tahadhari". Ugonjwa wenyewe uwe umesajiliwa kwa msimbo hata kama hautoi onyo. Injini ikija, unatafuta HALI-G6PD, unaifuta yote kwa mkupuo mmoja, na magonjwa yameshakaa tayari.

---

msimbo_mmoja

Hapa natofautiana kidogo. Mistari ya kubuni kwenye mizio haibaki ndani ya jengo. Muhtasari wa kimataifa wa mgonjwa una sehemu tatu za lazima: dawa, mizio, na magonjwa. Mgonjwa akihamishwa, mizio yako ya muda inasafiri na kukaa kwenye mfumo wa wengine ambao hawajui HALI-G6PD ni nini, na mkupuo wako wa kufuta hauwafikii. Kabla ya njia hiyo uliza kama mfumo unaruhusu kusajili kitu kipya kwenye kamusi ya viambato. Mingi inaruhusu. Unda kundi liitwalo "Dawa hatari kwa upungufu wa G6PD", weka dapsoni, rasburikesi na wenzake ndani yake, kisha mgonjwa apewe mstari mmoja wa kundi hilo. Onyo linatoka kwa dawa zote, jina lenyewe linabeba sababu, na dawa mpya unaiongeza kwenye kundi.

---

Kanuni_na_Dawa

Hiyo ni bora, naondoa ya kwangu. Ila jaribu kwa mgonjwa wa majaribio kwanza, kwa sababu baadhi ya mifumo inakubali kundi kwenye skrini lakini ukaguzi unasoma kiambato kimojakimoja tu. Agiza dapsoni ya kumeza, kisha ya kupaka, kisha rasburikesi ya mshipani, kisha tafenokwini. Manne yote yakitoa onyo, agiza paracetamol, ambayo isitoe. Rudia kila toleo jipya la mfumo au la kamusi ya dawa linapowekwa.

---

Usingizi_Baridi

Na kwa MH msisubiri injini yoyote. Fomu ya kuomba nafasi ya upasuaji iwekewe swali moja la lazima: mgonjwa au ndugu yake wa damu amewahi kupata homa kali, kukakamaa au kifo kisichoelezeka akiwa kwenye usingizi? Ndiyo, hapana, haijulikani. Ndiyo ikichaguliwa, fomu isipite bila jina la mtaalamu wa usingizi aliyearifiwa.